Ijumaa kwa Karani wa Bima

Askari walimsimamisha Machuki mjini Rongo, ambako hakujua mtu, wakamwambia gari halitoki mpaka apate cheti kipya cha bima. Mkewe alikuwa amejifungua Homa Bay na alikuwa akimngoja hospitalini. Karani wa bima naye alikuwa Msabato, na Ijumaa jua likishatua hagusi kazi.

Alipiga taipu kwa kidole kimoja, akiipuliza kila herufi kama uji wa moto.

"Harakisha, bwana karani, jua hilo!"

"Nimeliona, omera, ndugu yangu. Silo la kwanza."

Alipomaliza hakugonga muhuri. Alitoka nje, akachuchumaa matopeni, akaifuta nambari ya gari kwa leso yake nyeupe, akaisoma kwa sauti. Kisha akakichana cheti.

"Nimeandika saba, na hii ni moja. Ungelala ndani huko mbele."

Machuki akashika kichwa. Karani akarudi mezani, na sasa vidole vyote kumi vikakimbia kama mvua juu ya mabati.

"Kumbe unajua!"

Muhuri uligonga jua likigusa kilima. Karani akafunga mlango, akapanda baiskeli. "Msalimie mama mtoto," akasema, akaondoka akiimba. Machuki akabaki kando ya gari, akikipepea cheti wino ukauke, huku akicheka peke yake.