Mashua ya Masanduku Kumi na Mawili

Kazadi alikuwa fundi mbao wa kampuni ya migodi kwa miaka ishirini na minane, na katika miaka hiyo yote hakuna mlango wake uliowahi kupitisha upepo. Mwaka 1959, baadhi ya Wazungu wa Kolwezi walipoanza kufunga mizigo kwa kuhofia uhuru wa Kongo, walimjia yeye awatengenezee masanduku. Mmoja wao alihitaji kumi na mawili, na badala ya pesa akampa mashua yake ya tanga, kuukuu, iliyolala miaka mitatu majanini kando ya ziwa la Nzilo. Kazadi akakubali kabla Mzungu hajamaliza kusema.

Wenzake wa kambi ya wafanyakazi walidhani amerogwa. Hawakujua ni mara ngapi alikuwa ametumwa ziwani Jumamosi kurekebisha viti vya mashua za wakubwa, na kila akimaliza anaambiwa ashuke, wenyewe wapande. Alitaka kitu kimoja tu: kukaa ndani ya mashua yake, juu ya maji, bila kumfanyia mtu kazi. Tena upesi, maana pensheni yake ilikuwa mwisho wa Agosti, na anayepata pensheni hurudisha nyumba ya kampuni. Yeye na mkewe Tshibola wangerudi Kasai, ambako waliowajua walikuwa wamekwisha kufa.

Kamio, lori la kampuni, likaileta mashua, ikajaza ua wote.

"Tata Mianda," Tshibola alisema, akimwita baba wa binti yao mkubwa, "hii kitu iko na matundu ya kupitisha mukono. Mi nitaanika manguo wapi sasa?"

"Nitaiziba, mama. Ni mbao tu."

Kiangazi kilikuwa kikali na mbao zilikuwa zimeachana. Kila jioni baada ya kazi, mgongo ukimuuma, Kazadi alichonga vipande vyembamba vya mti mgumu, akavipaka gundi, akavigongomea katika kila mwanya kama afanyavyo kwenye milango. Miezi mitatu! Alisinzia juu ya sahani ya ugali wa bukari, akaamka, akarudi kwenye randa yake. Mtu wa umri ule angelala zake, lakini fundi huyu kiburi kilimnyima usingizi.

Siku ya mwisho kabla ya safari ya Kasai wakaipeleka ziwani. Ikaelea, kavu kabisa, na Kazadi akacheka peke yake. Jua lilikuwa linazama, kwa hiyo akaifunga ukingoni ili waipande asubuhi, wakalala kwa Mukalay, mlinzi wa mashua.

Asubuhi waliikuta imekaa topeni, maji yamefika kwenye viti, na mbavu tatu za mbao ndani yake zimekatika.

Mukalay akaingiza mkono majini, akapapasa zile mbao ngumu. "Ni nani aliweka hii?"

"Ni mi."

"Yo, tata! Mbao ya mashua inakunywaka maji, inavimba, inajifunga yenyewe. Bazungu banaizamishaka juma moja, basi. We umeziba kila pahali, ikakosa nafasi ya kuvimba, ikajivunja."

Kazadi akainama, akaugusa ubavu mmoja uliokatika. Miezi mitatu alikuwa amepigana na nyufa ambazo maji yangezifunga bure. Uchovu ulimpanda kutoka nyayoni, uchovu wa ile miaka yote, na pamoja nao aibu. Kamio la kuwachukua lingefika saa nne. Siku nyingine haikuwapo.

"Pandisha tanga," Tshibola akasema.

"Mama, imezama."

"Nimeona. Pandisha."

Akakunja kikwembe alichojifunga kiunoni mpaka magotini, akaingia, akaketi maji yakimlowesha mapaja. Kazadi akapandisha tanga, akaketi kando yake. Upepo ukaja kutoka upande wa ukuta wa bwawa unaozuia ziwa, tanga likajaa lote, kamba zikakaza, na mashua haikusogea hata kidogo. Hapo Kazadi akalia kwa sauti. Tshibola hakumwambia anyamaze. Alimshika mkono, wakakaa hivyo, wakitazama mbele, mpaka kamio lilipopiga honi.