Mama Yangu wa Darasa la Tatu

Ofisini kwa direkteri wa shule tulikuwa watano: direkteri mwenyewe, niliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, maana mama yake na mimi tulilima shamba moja la mpunga; mwalimu wa darasa la tatu, ambaye ni mkwe wa jirani yangu; mama mwenye duka karibu na msikiti, ambaye mtoto wake alikuwa ameumwa mkono; mjukuu wangu wa kike, aliyemuuma mtoto huyo; na mimi. Majina yao nayajua yote, hata ya wazazi wao. Siyaandiki kwa ajili ya jina moja nisiloweza kulitaja, la mjukuu wangu.

Mjukuu huyo alipewa jina la mama yangu mzazi. Kwetu, mtoto wa namna hiyo ndiye mama yako aliyerudi. Namwita mama, naye ananiita mwanangu. Kichwa cha samaki, fungu la mkubwa wa nyumba, ni chake. Nyumbani hakuna anayemgombeza, sembuse kumpiga. Tangu binti yangu, aliyemzaa, aende Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu kuwauzia wachimbaji nguo, mtoto ameanza kuuma wenzake, kupindua mabenchi, kutoka darasani bila kuaga.

"Mkono wa mwanangu iko kama andazi lililoonjwa!" akasema mama mwenye duka.

Direkteri akanisogezea fimbo mezani. "Bibi, mpige mbele yetu, ajue ana mkubwa wake. Ao abebe mfuko wake leo, asirudi tena."

"Mwanangu," nikamwambia direkteri, "nitampigaje mama?"

"Mama gani? Huyu iko na miaka tisa!"

Mwalimu akageukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Nikiinua fimbo, nampiga mama yangu. Nikiiacha, mtoto anakosa masomo. Na mimi niliyetolewa shuleni darasa la pili najua njia hiyo inafika wapi. Vidole vyangu vilikuwa juu ya fimbo, haviinui, haviachii.

"Piga tu, bibi," mtoto akasema. Bibi! Hakuwahi kuniita hivyo. "Mi siko mama yako. Mama yangu iko Salamabila."

Nikaiachia fimbo. Nikasema basi, nitakuja naye kila siku, niketi ubavuni pake darasani. Akitaka kuuma, aniume mimi. Direkteri akamtazama mama mwenye duka.

"Tuone," mama yule akasema. "Akiuma tena, fimbo naishika mimi."

Tangu hapo kila asubuhi nimebanwa kwenye benchi la watoto, magoti yakigonga dawati, ndege wakila mpunga wangu. Nikisimama tu, mtoto anashika kitenge changu. Nikimwita mama, haitiki. Kumkaripia kwa jina lake siwezi, ni jina la mama yangu. Jana alimwinamia mwenzake, mdomo wazi, nikasema, "Wee mtoto!" Akaufunga.

Direkteri anasema fimbo ilikuwa imetundikwa ukutani, siyo mezani. Mimi naikumbuka chini ya vidole vyangu. Kama nimekosea hilo ao lingine, wale waliokuwapo waje wanisahihishe. Wanajua nilipo: benchi la nyuma, upande wa dirisha.