Uwanja wa Mita Sitini na Moja

Niliondoka Tabora kwa sababu mbili. Ya kwanza niliijua tangu mwaka jana: mdogo wangu Rehema, ambaye ni muuguzi katika jiji la Birmingham, Uingereza, alikuwa amenialika nikae kwake wiki tano. Ya pili ilinifikia siku kumi kabla ya safari, katika ujumbe wa sauti.

"Kaka," alisema, "ukija huku una kazi. Zuhura hanisikii tena. Wewe ndiye mjomba wake. Umwambie aache mbio."

Zuhura ni binti yake wa kwanza, mwenye miaka kumi na minne. Nilisikiliza ujumbe ule mara mbili, nikaandika katika daftari: Zuhura, mbio, kwa nini? Mimi ni mtunza stoo katika karakana ya reli, na kitu nisichokielewa hukiandika kwanza. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza kwa vitabu vya vipuri, kwa hiyo naweza kutaja sehemu zote za breki ya behewa, lakini kumjulia mtu hali kunanipa shida.

Dar es Salaam nilifika kwa treni, nikalala kwa binamu, na kesho yake alasiri nikapanda ndege. Tulibadilisha ndege Doha. Safari ya angani haina mengi ya kusimulia. Mtu anakaa, analishwa, anakaa tena.

Birmingham tulitua saa saba mchana, Jumatatu, mwanzoni mwa Juni. Nilikuwa nimevaa sweta moja. Rehema alinipokea na la pili mkononi. Anakaa Winson Green, katika nyumba zilizojengwa ukuta kwa ukuta mtaa mzima, kila moja na mlango wake mwembamba. Ukitoka nje na kutazama upande mmoja wa barabara unaona ukuta mrefu wa gereza, ambao wenyeji wanaupita na mifuko yao ya sokoni bila kuutazama.

Zuhura alinipa mkono. "Shikamoo, Mjomba." Hicho ndicho Kiswahili pekee nilichokisikia kwake siku hiyo. Mengine yote mama yake alisema kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiingereza. Mdogo wake Salma ana miaka sita. Alitaka kujua tu ndani ya begi langu mna nini.

Usiku huo, ambao haukuwa usiku kwa sababu saa tatu bado jua lilikuwepo, Rehema alinieleza tatizo. Mumewe ni dereva wa malori na siku nyingi hulala njiani. Yeye mwenyewe huingia zamu saa moja na nusu asubuhi na kutoka saa mbili usiku. Shule ya Salma hufunga saa tisa na robo, na mtoto wa umri ule haachiwi atoke peke yake. Lazima akabidhiwe mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye fomu. Siku nyingine Zuhura humpitia akitoka shuleni kwake, wenzake wa Salma wakiwa wameshaondoka. Jumanne na Alhamisi, ambazo Zuhura hubaki shuleni kwa mazoezi mpaka saa kumi na moja, alikuwa akimpokea jirani mmoja. Jirani huyo alihama mwezi wa nne.

"Tangu hapo nabembeleza wenzangu kazini tubadilishane zamu," Rehema alisema. "Wamenichoka, Kaka. Na mimi nimejichoka."

Niliona ana haki. Niliandika hivyo.

Jumatano jioni nilimwita Zuhura jikoni. Nilimpangia saa zote kama ratiba ya treni: mama anaingia saa ngapi, Salma anatoka saa ngapi, nani yupo, nani hayupo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiingereza cha taratibu, ili nimfuate:

"Mjomba, tuko wanne."

"Wanne wapi?"

"Kwenye mbio za kupokezana vijiti. Hakuna wa tano."

"Darasani kwenu?"

"Shule nzima. Wengine wapo kwenye mpira, wengine hawataki. Nikitoka mimi, hakuna timu."

Nikarudia yale ya ratiba. Akainamisha kichwa. "Sawa. Lakini mimi simwambii Miss. Mmeamua nyinyi, mkamwambie nyinyi."

Niliona na yeye ana haki. Kesho yake, Rehema akiwa amebadilisha zamu kwa mara ya mwisho ili ampokee Salma, nilikwenda kumwambia mwalimu.

Shule ni mwendo wa dakika ishirini na mbili kwa miguu, upande wa Ladywood, kati ya maghorofa marefu ya zamani na mapya. Ni sekondari ya serikali, ndogo. Mapokezi walinivisha beji shingoni, wakanipeleka nyuma ya jengo. Nilitarajia uwanja wa majani. Nilikuta ua wa lami wenye mistari ya rangi tatu iliyopishana: netiboli, mpira wa kikapu, na mmoja ambao sikuutambua. Nilipiga hatua kona hadi kona, nikarudia. Mita sitini na moja.

"Miss, yule babu anapima nini?" sauti moja iliuliza.

"Skauti wa Olimpiki huyo, anatafuta vipaji."

"Skauti gani anavaa sweta mbili mwezi wa sita?"

Walicheka. Zuhura alitazama viatu vyake. Mwalimu wa michezo, Miss Powell, mwanamke mfupi mwenye sauti inayofika ng'ambo ya barabara, aliwanyamazisha kwa filimbi. Nilianza kumweleza nilichotumwa. Akainua kidole.

"Tazama kwanza," alisema. "Halafu uniambie."

Nikatazama. Sura zilikuwa zilezile kila mahali. Msichana aliyemaliza kurusha tufe alikimbia upande wa pili kudaka mpira wa netiboli. Aliyefundisha kikapu ni mwalimu wa jiografia, bado ana kalamu sikioni. Kisha wale wanne wakajipanga kwa ajili ya vijiti, nami nikakaribia.

Hawakukimbia mbio ndefu. Walifanya jambo moja tu, la kupokezana, mara arobaini na moja kwa hesabu yangu. Walianza wakitembea, halafu wakawa wanakimbia polepole, halafu kwa kasi yao yote, mpaka mwenye kijiti alipolazimika kusimama kwa kuegemea uzio kwa viganja. Anayepokea hageuki nyuma hata kidogo. Ananyoosha mkono pale anapoitwa.

Na neno la kuitana lilikuwa "Shika!"

Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini alilisema Divine, mwenye wazazi wa Kongo, akimpa Zuhura. Zuhura naye akalisema akimpa Aisha, ambaye wazazi wake wametoka Pakistani. Hata yule wa kwanza, Kezia, mwenye bibi Mjamaika, alilisema: "Shika!"

"Uwanjani kuna timu sita, zote zinapiga kelele kwa Kiingereza," Miss Powell alinieleza. "Mwaka jana Aisha alinyoosha mkono kwa sauti ya timu nyingine. Zuhura akasema tutumie neno ambalo wao hawana."

"Na kwa nini mnafanya hili moja tu?"

"Hatuna mahali pa kukimbilia mita mia. Ila eneo la kupokezana kijiti ni mita thelathini, na hizo tunazo." Alinitazama. "Sasa niambie ulichotumwa."

Nilimwambia hali ya nyumbani, yote, ila neno la kumtoa Zuhura sikulitamka. Niliuliza kama Salma angeweza kuletwa akae pembeni mazoezi yakiendelea. Alisikitika. Kanuni za shule haziruhusu mtoto wa shule nyingine, na kanuni hizo hakuzitunga yeye. "Mashindano ni Alhamisi ijayo," alisema. "Nipe angalau mpaka hapo."

Rehema hakufurahi. "Nimekutuma kumwachisha, wewe umekwenda kupiga hatua uani?"

"Nitampokea Salma mwenyewe mpaka nitakapoondoka. Andika jina langu kwenye fomu."

"Na ukishaondoka?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Niliandika katika daftari.

Kuanzia Jumatatu, saa tisa na dakika tano, nilikuwa nasimama langoni pa shule ya Salma. Siku ya kwanza mwanamke mzee mwenye kitenge na koti zito juu yake alinisikia nikimwita mtoto.

"Papa, weye ni mtu wa wapi? Ile Kiswahili yako iko safi kama ya redio."

Nilimwambia Tabora. Yeye ni wa Bukavu. Anaitwa Mama Bahati, na humpokea mjukuu wake wa darasa moja na Salma, kila siku, mvua isimzuie. Tulizungumza Jumatatu, tukazungumza Jumanne. Nilikuwa na shida na baadhi ya maneno yake, kama 'njo' kwa 'ndiyo' na 'masomo' kwa shule, naye alinicheka kwa yangu. Jumatano alilalamika kuhusu viatu.

"Mujukuu yangu mukubwa, Divine, anakula viatu kama mukate. Ni ile mbio ya masomo."

"Divine wa kijiti?"

"Njo huyo! Unamujua wapi?"

"Ndiye anayempa kijiti binti wa dada yangu."

Alinikamata mkono. "Ile ya 'shika'? Mi nilibishana na Divine! Nilimuambia museme 'kamata', njo neno ya nguvu. Akasema ni ndefu. Ndefu wapi?"

Nyumba yake iko mitaa miwili kutoka kwa Rehema. Kwa muda wote ambao wasichana wale wamekuwa wakipeana kijiti, watu wazima wa familia hizo hawakuwa wamewahi kuonana. Rehema hutoka kabla ya watu kuamka na hurudi wameshafunga milango. Hata siku za kubadilisha zamu humchukua Salma mbiombio na kuondoka, kwa hiyo langoni pale hajulikani.

Alhamisi ya mashindano nilimchukua Salma mapema kwa ruhusa, tukapanda basi hadi uwanjani, uwanja halisi wenye mistari minane na majukwaa. Shule nyingine zilishuka katika mabasi makubwa. Yetu ilishuka katika basi dogo moja, na Miss Powell ndiye aliyekuwa dereva. Kezia alianza vibaya, akawa wa tano. Alipompa Divine tukawa wa nne, na sikuona Divine akimpita mtu. Wapinzani walipunguza mwendo kupokea, yeye hakupunguza. Kati ya Divine na Zuhura tukawa wa tatu. Kati ya Zuhura na Aisha tukawa wa pili. Nilikuwa narekodi kwa simu. Mita arobaini za mwisho Aisha alipitwa na msichana mrefu kuliko mimi. Tukamaliza wa tatu.

"Mikono ya dhahabu," Miss Powell aliwaambia, akiwakumbatia wote kwa pamoja. "Miguu tutaitafuta."

Zuhura hakucheka. Alikuja akanipa kijiti nikishike. "Nataka nizoee kukiona kwa mtu mwingine," alisema. Alidhani siku hiyo ndiyo ya mwisho.

Usiku Rehema alivua viatu, akakaa na chai, nikamwekea video. Aliitazama. Akairudisha nyuma.

"Nani anasema 'shika'?"

"Zuhura."

"Anamwambia nani Kiswahili?"

"Mtoto wa Kipakistani."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Akairudisha tena, safari hii bila kucheka. Kisha akaifunga simu. "Nimeona, Kaka. Lakini Salma bado anatoka saa tisa na robo."

Nilimtajia Mama Bahati, ambaye yuko langoni kila siku.

"Simjui."

"Mimi namjua."

"Wewe unamjua kwa siku nne. Salma ni mwanangu. Simpi mtu nisiyemjua, hata kama anatoka peponi."

Sikubishana naye. Kesho yake nilimwomba Mama Bahati ampokee Salma Jumanne na Alhamisi, nikamweleza vilevile Rehema alivyosema, bila kupunguza. Nilitegemea akasirike. Alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ana akili. Sasa umuambie hivi: na mi simujui. Salma si mutoto wa kuokota, ana mama. Huyo mama aje kwangu, akule, nimuangalie. Kama simupendi, mutoto simubebi."

Nilimfikishia Rehema maneno hayo. Akanigeukia. "Yaani mimi ndiye nafanyiwa usaili?"

"Jumapili, saa nane."

Jumapili tulikwenda wote wanne. Tulikula ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na samaki. Mama Bahati alimuuliza Rehema zamu zake, mumewe, Salma anaogopa nini, anakohoa wakati gani. Rehema alijibu kama aliye mbele ya daktari mkuu, kisha akaanza kuuliza yeye: ngazi zina mlango? Dawa za presha zinawekwa wapi? Nani mwingine ana ufunguo? Mama Bahati alijibu yote, na dawa akaenda kuonyesha zilipo, juu ya kabati. Divine na Zuhura walikuwa sebuleni wakijifanya wanatazama simu. Nyumba nzima ilikuwa inasikiliza jikoni.

Saa kumi na moja Rehema alitoa fomu katika mkoba. Kumbe alikuja nayo.

"Jina lako kamili, Mama," alisema, "kama lilivyo kwenye kitambulisho."

Wiki zilizobaki nilizitumia kwa mambo ya mgeni: soko, bustani, duka la vitabu vilivyotumika huko Kings Heath nilikonunua viwili. Jumanne na Alhamisi sikuwa na la kufanya langoni. Nilikwenda mara moja tu, kwa mazoea, nikamkuta Salma ameshaondoka.

Niliporudi Tabora watu waliniuliza nimejifunza nini. Nilitumwa kusema neno la mjomba, nikalisema siku ya tatu, na halikumsaidia mtu. Kilichosaidia ni kusimama mahali ambapo dada yangu hakuwa na nafasi ya kusimama, nikijuliana hali na aliyekuwa karibu. Nimejifunza pia kuhusu ua. Nyuma ya karakana yetu kuna shule ambayo miaka yote husema haina timu ya riadha kwa sababu haina uwanja. Nimekwenda kuwapimia. Wana mita sabini na nne.

Siku yangu ya kuondoka basi la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa la saa kumi. Kituoni alikuja Rehema, ambaye alikuwa mapumzikoni. Alikuja Mama Bahati na kifurushi cha mihogo ya kukaanga, akiwa amewashika Salma na mjukuu wake kila mmoja mkono wake. Shemeji alipiga simu kutoka barabarani. Zuhura hakuja kuniaga. Ilikuwa Jumanne.