Ubavu wa Kushoto wa Mgeni

Watu wakinisikia nikisimulia haya hudhani nimelewa, na mimi tangu niokoke sijaonja hata muratina ya harusini. Kwa hivyo sikiliza vizuri, na ukitaka kucheka, cheka mwishoni. Mambo haya yalitokea kwangu, Kisaju, kwenye barabara ya Namanga, mchana kweupe jua likiwaka. Sikuambiwa na shemeji ya jirani. Niliona kwa macho haya mawili, na ushahidi wenyewe ulikaa uani kwangu miaka mingi ukila ugali wangu.

Kuanzia Kitengela hadi Isinya walikuwa wakiniita Mama Mbwa, na sikukasirika, kwa sababu jina limetokana na kazi. Tulihamia Kisaju kutoka Machakos mwishoni mwa miaka ya tisini, mume wangu alipopata kazi kwenye shamba la maua kule Isinya. Tukanunua ploti, tukajenga nyumba ya mabati, na kabla hatujaweka mlango wa jikoni mbwa wa kwanza akaingia. Alikuwa amekatwa panga mgongoni. Nikamsafisha kwa maji ya chumvi, nikampa uji, akapona, na sijui aliwaambia nini wenzake. Baadaye watu wenyewe wakaanza kuniletea. Mbwa aliyegongwa na lori la simiti. Mbwa aliyepakwa oili chafu ya gari eti itamtibu upele. Mbwa aliyefungwa mnyororo tangu utotoni mpaka nyama ya shingo ikaumeza. Mume wangu alilalamika kila siku, lakini ni yeye huyo huyo aliyerudi jioni na gunia la vichwa na miguu ya kuku kutoka kwa wafugaji wa Isinya. Mwanamume akikuambia hataki mbwa, usimsikilize, mwangalie amebeba nini.

Basi ukaja ule mwaka wa elfu mbili. Kama ulikuwepo unakumbuka ukame ule: stima ya mgao, ng'ombe wakifa kando ya barabara, Wamasai wakihama na mifugo hadi Nairobi mjini kutafuta nyasi. Siku moja mume wangu akaazima pikapu ya jirani aende sokoni Bisil kutafuta mbuzi wa bei nafuu. Akarudi na mbwa.

"Mbuzi ako wapi?" nikamuuliza.

"Hata sikufika sokoni," akasema. "Huyu alikuwa amelala hapo nje ya Bisil, kando ya rundo la mawe. Nikimbeba alikuwa anageuza shingo akiangalia hayo mawe. Nafikiri alikuwa amezoea kivuli yake."

"Kivuli gani? Mawe inafika magoti."

Akainua mabega. Hatukulifikiria tena rundo lile, na hapo ndipo ningekuwa na akili ningefikiria.

Niamini, nimeona mbwa wagonjwa, lakini yule alinitoa machozi. Alikuwa jike, na hakuwa na unywele hata mmoja mwilini. Upele ulikuwa umemla mpaka ngozi ikapasuka kama udongo wetu mweusi wakati wa kiangazi. Macho yalikuwa yamefungwa na usaha, na mbavu ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Kwa kuwa hatukujua alikotoka, nikamwita Mgeni.

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki yake kutoka Kitengela. Akamdunga sindano ya upele, akamwekea maji ya mshipa, na akaniachia amri moja: nimwoshe vidonda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na uchafu wowote usimguse. Nilifanya hivyo. Mgeni hakula, hakusimama, alilala tu chini ya kibanda akipumua kwa shida. Usiku nilimsikia akilia kidogo kidogo, na nikitoka kumtazama alikuwa akiweka pua yake ndani ya kiganja changu na kunyamaza. Sasa niambie, moyo gani ungevumilia hayo?

Daktari aliporudi katikati ya wiki alimkagua kwa muda mrefu, kisha akakunja mrija wake.

"Mama, nimejaribu," akasema. "Jumamosi nitapita tena. Kama hatakuwa amesimama, tumpumzishe tu. Anaumia bure."

Nikaingia jikoni nikalia hadi sufuria ya uji ikaungua.

Ijumaa alasiri nilikuwa peke yangu, mume wangu akiwa kazini. Upepo wa Kisaju ulikuwa umepandwa na wazimu wake wa kawaida, mabati yakigonga, nguo zikitaka kung'oa kamba. Na mbwa wangu walikuwa wakibweka, maana hao walibwekea kila kiumbe. Walimbwekea mtu wa posta, walimbwekea kuku, walimbwekea pasta wetu kuliko wote. Ghafla wakanyamaza, wote kwa mara moja. Nikatoka na mwiko mkononi.

Mama mmoja wa Kimasai alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Alikuwa mtu mzima, mrefu, amejifunga shuka nyekundu, na ndewe ya sikio lake la kushoto ilikuwa imekatika ikining'inia vipande viwili. Geti lilikuwa limefungwa kwa waya, vile nilivyolifunga mwenyewe asubuhi. Halafu nikaona jambo lingine. Leso yangu ilikuwa ikinipiga usoni kwa upepo, lakini shuka ya yule mama ilikuwa imetulia, haitikisiki hata ncha.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikajibu. Salamu hiyo ya akina mama nilikuwa nimeijua.

"Mimi nakuja kuangalia mgonjwa."

"Mgonjwa gani, mama? Hapa watu wote ni wazima."

Akaonyesha kibandani kwa kidevu, akapita mbele yangu. Alinukia moshi na maziwa ya kibuyu. Mbwa wote wakamfuata na kulala kumzunguka, wametulia kama watoto wa Sunday school. Akaketi chini kando ya Mgeni, akasema neno moja tu: "Naibor."

Mkia wa Mgeni ukatikisika. Mkia ambao haukuwa umesogea tangu aletwe.

Ningefurahi, lakini sikupata nafasi, kwa sababu mama yule akaanza kumtemea mate. Alimtemea matone madogo madogo, vile unavyonyunyizia shati maji kabla ya kupiga pasi, ubavu wa kulia, kisha akamgeuza taratibu akamtemea wa kushoto. Katikati alikuwa akisema maneno ya Kimasai kwa sauti ya chini. Kila akimaliza sentensi alinyamaza na kuniangalia, kama anayengoja nitie kitu changu hapo. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, mdomo wazi. Moyoni nilikuwa nikikemea kwa jina la Yesu, na pia nilikuwa nikiona vidonda vyangu nilivyoviosha wiki nzima vinaharibiwa. Ila mgeni ni mgeni, humfukuzi.

Akamaliza, akapangusa mikono kwenye shuka.

"Sasa imepona," akasema. "Wewe kaa na yeye."

Nikaingia ndani kumletea chai, kwa sababu hata ukiogopa, adabu ni adabu. Nilipotoka na kikombe hakukuwa na mtu. Geti lilikuwa limefungwa kwa waya ule ule. Mbwa walikuwa wakiangalia upande wa barabara, mikia ikipepea.

Unafikiri nilikimbia? Wala. Niliweka kikombe chini, nikachukua maji ya chumvi, kitambaa na kipande cha sabuni, nikaanza kumsugua Mgeni. Ubavu wa kushoto ndio uliokuwa juu, basi nikausafisha wote, kuanzia begani hadi pajani, nikiomba kwa sauti. Nikaukausha. Nikamshika miguu nimgeuze nioshe upande wa pili.

Akasimama.

Alisimama akiyumba, akajikung'uta, kitambaa kikaniruka mkononi. Akatembea mwenyewe hadi kwenye kikombe cha yule mama, akainywa chai yote, na akalamba kikombe mpaka kikaanguka. Nikafungua geti nikaangalia nje. Wewe unaijua Kisaju ya miaka hiyo, tambarare tupu, mbuzi akiwa karibu na Isinya unamwona. Sikuona shuka nyekundu popote. Nikaketi pale pale kwenye vumbi. Lakini uoga utakaa na wewe muda gani wakati mbwa aliyekuwa anakufa anakulamba uso kwa ulimi wa chai ya maziwa? Nikaanza kucheka, nikacheka na kulia pamoja, na mume wangu akanikuta hivyo.

Kesho yake daktari alikuja na sindano yake, na mgonjwa akampokea getini kwa kumbwekea. Daktari akazima pikipiki akabaki ameikalia.

"Mama, hii ni ile mbwa?"

"Ni ile."

"Umempa nini?"

"Chai," nikasema, na hiyo ilikuwa kweli.

Wiki zikapita, Mgeni akala kwa niaba ya mbwa watatu, na manyoya yakaanza kurudi. Hapo ndipo ajabu lenyewe. Ubavu wa kulia ukaota manyoya meupe mazito kama ya mwanakondoo. Ubavu wa kushoto ukabaki upara kama kiganja changu. Mpaka kati ya upande na upande ulikuwa umenyooka katikati ya mgongo, pale pale kitambaa changu kilipoishia. Daktari alileta dawa za kupaka, za kumeza, za kuogesha, mwishowe akasema ngozi ni nzima kabisa, hajui nywele zinangoja nini. Mimi nilijua.

Mamangu alipokuja kututembelea kutoka Machakos nikamweleza yote. Alicheka hadi leso ikamwanguka.

"Siku ya kukupa jina nyanya yako alikutemea mate kifuani," akasema. "Hiyo ndiyo baraka. Hakuna mtu alikupangusa. Sasa wewe umeoshea mbwa baraka yake na sabuni ya kipande?"

Mvua ikarudi, nyasi zikarudi, na mume wangu hatimaye akanipeleka Bisil kutafuta yule mbuzi. Mgeni akapanda pikapu pamoja nasi, kwa sababu siku hizo alikuwa haachwi nyuma. Tulikuwa tukishuka sokoni wakati mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza maziwa alipoangusha mtungi wake.

"Naibor," akaita.

Mgeni akaruka kutoka kwenye pikapu. Alimzunguka yule mwanamke, akamrukia, akalia kama mtoto, na maziwa yakimwagika hakuna aliyejali. Mimi nilisimama pale nikaona jinsi nitakavyorudi nyumbani bila mbwa wangu, na sikuficha machozi.

Mwanamke yule aliitwa Nasieku. Akatuambia kwamba huyo alikuwa mbwa wa mamake, na Naibor maana yake ni nyeupe. Mama alifariki ukame ulipoanza, wakamzika, kisha wakalazimika kuhamisha ng'ombe hadi mpakani. Mbwa alikataa kuondoka kaburini. Waliporudi hawakumkuta, wakajua fisi amemla.

Nikamtazama mbwa. Yule mama wa shuka nyekundu alikuwa amemwita nyeupe wakati mbwa hakuwa na unywele wa kuonyesha rangi yoyote.

"Mamako," nikasema, "sikio lake la kushoto lilikuwa namna gani?"

"Ilikatika. Ndama ilimvuta na kamba. Umejuaje?"

Nikamweleza, sikuacha hata sabuni. Hakuogopa. Alisikiliza akitabasamu, na nilipofika kwenye geti la waya akacheka kabisa. "Huyo ni mama," akasema. "Hata akiwa hai hakuwa anangoja kufunguliwa." Akatupeleka nje ya mji kwenye kaburi la mamake, na mume wangu alipoliona rundo la mawe akavua kofia. Lilikuwa lile lile. Mgeni alilinusa, akalala kando yake kidogo, kisha akaja akaegemea mguu wangu.

Nikajikaza. "Dada, mbwa ni wenu," nikasema. "Mchukue."

Nasieku akaniangalia. "Mama alikuambia nini mwisho?"

"Alisema nikae na yeye."

"Sasa mimi ni nani nimkatalie? Kama alitaka nimchukue, angekuja kwangu."

Akatema mate viganjani, akanipaka kwenye paji la uso, akampaka Mgeni pia, kwenye ule upara. Akaanza kusema maneno ya Kimasai kwa sauti ya chini, na baada ya sentensi ya kwanza akanyamaza akaniangalia, vile vile kama mamake.

"Unafaa kujibu," akanifundisha. "Sema Naai, ni kama Amina."

"Naai," nikasema. Nikasema tena na tena, kwa sentensi zake na kwa zile zote nilizoziacha bila jibu siku ya mwiko.

Upara haukuota. Usidhani nitakudanganya ili kisa kiwe kitamu. Mgeni aliishi mpaka uzee akiwa na ubavu mmoja wa manyoya na mmoja wa ngozi, na baridi ya Julai ilipofika nilimfumia sweta ya upande mmoja, watoto wa Kisaju wakawa wanakuja kumwona kama sinema. Wagonjwa wengi walioletwa kwangu baadaye yeye aliwalalia usiku, daima kwa ubavu wa kulia, na wengi wakasimama. Alipokufa usingizini tulimpeleka Bisil tukamzika kando ya yale mawe, na hadi leo nikipita huko naongeza jiwe.

Basi sikia onyo langu. Siku mbwa wako wote wakinyamaza kwa mara moja na ukamkuta mgeni uani, mpe kiti, mpe chai. Akikutemea mate, jibu Naai, na kitambaa kiache jikoni. Mimi siku ile kutoka Bisil sikuosha uso mpaka Jumapili, na kanisani nilienda hivyo hivyo.