Kisima cha Darasa la Tatu

Asubuhi ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile tuliyofika shuleni tukakuta kisima cha darasa la tatu kimekauka. Jana yake mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imekijaza, watoto wamecheza ngoma kukizunguka mpaka sare zikatapakaa tope. Leo nimesimama pale na fimbo ya kupimia mkononi, chini naona saruji tupu na majani yaliyolowa. Nililia mbele ya wanafunzi wangu. Wewe unayeanza kushika chaki mwaka huu nakuambia hili mapema, kwa sababu kuna siku na wewe utalia, na nisingependa ufikiri ni wewe wa kwanza.

Mimi ni mtu wa Lisekese, huku Masasi, ambako maji ya kisima hayakuwa kitu cha kuhangaikia sana. Serikali ikanipeleka kufundisha shule ya kijiji kimoja nje ya mji wa Newala. Kule juu, mwanangu, maji ndiyo habari ya kwanza ya asubuhi. Bomba lilitoa maji lilipopenda lenyewe. Waliojiweza walichimba kisima cha mvua uani, wakakipiga saruji, wakakinga maji ya bati wakayatumia kwa hesabu kiangazi chote. Wasiojiweza walishuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani. Mimi mgeni niliwahi kuoga kwa ndoo nzima wiki niliyofika, jirani yangu akanitazama kama mtu aliyechoma nguo zake. Hajaacha kunitania kwa hilo mpaka leo.

Darasani kwangu kulikuwa na msichana anaitwa Somoe. Aliishi na bibi yake, Bi Asumini, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumgomea. Basi kazi ya bondeni ikawa ya mtoto. Somoe alifika shuleni saa ya mapumziko, mabega yamelowa, anasinzia juu ya dawati, na bado akiamshwa alijua jibu. Bi Asumini akaja siku moja kuniambia kwa upole kabisa kwamba anamtoa mtoto shule. Hakuwa mkorofi. Alikuwa na kiu tu, na hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma.

Hapo ndipo nilipopata wazo la mradi. Nilimwambia, "Bibi, shikamoo yako nimeitoa, sasa nisikilize. Tutachimba kisima cha mvua hapa shuleni. Kikijaa, Somoe atarudi na ndoo yake kila jioni akitoka darasani. Hatashuka bondeni tena."

Akanitazama. "Wewe na hawa watoto?"

"Mimi na hawa watoto."

"Haya. Namwacha kwanza."

Nilifurahi, mwanangu, kana kwamba kisima kimeshajaa. Ndivyo nilivyokuwa, moto wangu ulikuwa wa mabua. Lakini kile kiangazi sijafundisha kwa raha namna ile, kabla wala baada. Hesabu iliyowashinda ubaoni waliiweza shimoni. Mtoto asiyejua urefu na upana alijua, maana alikuwa na jembe mkononi na mwenzake anabisha. Tulipasua mianzi tukatengeneza gata la kuteremsha maji kutoka kwenye bati. Saruji, ambayo miaka ya nyuma ilitaka kibali na kujuana na mtu, sasa ilikuwa imejaa dukani, maana ilikuwa enzi ile watu wanasema kila kitu ruksa. Na kilichotupatia saruji hiyo ni mkorosho mkubwa wa shule uliosimama nyuma ya darasa letu. Watoto waliokota korosho zake, tukauza kwa mnunuzi aliyekuja na lori, tukarudi na mifuko. Mzazi mmoja fundi akatusaidia kupiga lipu.

Tulichimba kivulini mwa mkorosho huohuo ili maji yapoe. Chini tukakutana na mzizi mnene unaokatiza ukutani. Fundi akashika shoka, akalitua. Akanitazama, nami nikamtazama. Wewe ni mtoto wa huku, unajua. Nani atakata mzizi mkuu wa mkorosho unaozaa, tena ule uliotununulia saruji? Tukauacha mzizi mahali pake, tukauzungushia lipu vizuri, tena watoto wakaupapasa kwa mikono kuulainisha. Tuliona tumefanya jambo la heshima.

Basi mvua ikaja, kisima kikajaa, na usiku maji yakaondoka yote.

Wiki hiyohiyo shule zilikuwa zinafungwa. Kaka yangu alikuwa amefungua banda la mitumba pale Mkomaindo, mjini Masasi, na kwa miezi alikuwa ananibembeleza niache ualimu nikamsaidie. Walimu wengi waliondoka miaka ile, mwanangu, nami siwasemi vibaya. Mshahara ulichelewa, maduka yalijaa vitu, na mimi nilikuwa namlea Neema wangu peke yangu. Nilikuwa nimekataa kwa sababu ya kisima. Sasa kisima hakipo. Nikaanza kufunga mizigo.

Bi Asumini akaja mchana, amemshika Somoe begani. Nikajua amekuja kumtoa mtoto rasmi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye sanduku langu bila kukaribishwa.

"Nimesikia unahama, Mama Neema."

"Kaka ananiita Masasi, bibi. Ana biashara."

"Sikukuuliza nani anakuita." Akanyoosha mguu wake mbaya. "Mimi bonde hili nimelishuka tangu nilipokuwa mwali. Siku moja nimepanda na ndoo, nimekaribia kabisa mlango wangu, nikajikwaa. Maji yote chini. Unajua nilifanya nini?"

"Ulilia."

"Nililia, ndiyo. Nikakaa palepale nikalia. Halafu nikaokota ndoo nikarudi bondeni, maana ndani kulikuwa na watoto wana kiu. Wewe umemwagikiwa mara moja tu, unakwenda kuuza nguo."

Somoe alikuwa anatazama mizigo yangu, si uso wangu.

"Hawa umewafundisha kuchimba," akaendelea bibi, na sauti hakuipandisha hata kidogo. "Wamekuona ukichimba. Sasa wanakuangalia waone utawafundisha nini. Mimi mtoto namwacha shule mpaka mvua za msimu huu ziishe. Maji nitaomba kwa majirani, nitavumilia midomo yao. Mvua zikiisha hakuna kisima, namtoa, na hapo usije kwangu kunisihi."

Akainuka, akaaga, akaondoka akichechemea. Nilikasirika, mwanangu, nisikufiche. Nilikasirika mpaka jioni kwa sababu kila neno lake lilikuwa la kweli. Kesho yake nikasafiri mpaka Mkomaindo kumwambia kaka yangu ana kwa ana. Alicheka akashika mbavu. "Unakataa banda kwa ajili ya shimo?" Nikamwambia ndiyo, kwa ajili ya shimo. Mpaka anafariki aliniita Mama Shimo, na jina lile nililipenda.

Shule zilipofunguliwa nilimwomba Mwalimu Mkuu nipande na watoto wangu darasa la nne. Siku ya kwanza sikuwafundisha kitu kingine. Niliwapeleka kwenye kisima kibovu, nikawauliza maji yamepita wapi. Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema wameyaiba wa darasa la saba. Tulicheka, lakini niliwaambia waendelee kutazama. Upepo ukavuma, Somoe aliyekuwa amechuchumaa ndani ya kisima, karibu na ukuta, akaita.

"Mwalimu, njoo! Mti ukicheza, mzizi nao unacheza!"

Nikashuka nikaweka kidole. Kweli, mkorosho ulipoyumba, mzizi uliyumba kidogo ukutani, na pembeni yake ufa ukafunguka na kujifunga. Heshima yetu ndiyo iliyoyamwaga maji. Watoto waliweka vidole mmoja mmoja, na nikaona nyuso zao zinabadilika. Somo lile hakuna kitabu ambacho kingelifundisha hivyo, na kama kisima kingeshika maji mara ya kwanza tusingelipata kamwe.

Tukahamia upande wa pili wa darasa. Safari hii hatukuanza na shimo kubwa. Tulichimba vishimo vidogo vya kutafuta mizizi, tukasogea, tukachimba tena, mpaka tukapata udongo mtupu. Wazazi waliosikia maneno ya Bi Asumini, naye hakuyaficha, wakachanga saruji. Tukachimba, tukapiga lipu, tukakifunika kisima, tukangoja. Kisha mvua ikagoma. Wiki zikapita, mbingu nyeupe, mahindi yanajikunja shambani, na mimi nalala nahesabu ni mvua gani imebaki ya kumwokoa mtoto yule. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mtihani wowote.

Ilinyesha siku ya soko, mvua nzito, mchana kutwa. Kesho yake nilifika mapema, nikasimama mbali na kisima. Somoe akaniona. Akachukua ile fimbo mikononi mwangu, akainua mfuniko, akaizamisha. Jana yake jioni tulikuwa tumeiwekea alama ya mkaa mahali maji yalipofika. Akaitoa polepole, akaigeuza kwenye mwanga.

"Maji yapo, Mwalimu. Yapo palepale."

Bi Asumini alikuja mwenyewe, kwa mkongojo, na kikombe chake. Akachota, akanywa, akakunja uso. "Yana ladha ya bati," akasema. Akanywa tena. "Lakini sikuyafuata bondeni." Akanishika mkono na hakuuachia kwa muda mrefu, na jioni ile Somoe akaondoka na ndoo ya kwanza.

Nilifundisha miaka mingi baada ya hapo. Utajiri sikuupata, lakini sijalala njaa. Palikuwa na mihogo mlangoni na sijui nani kaileta, palikuwa na karanga, palikuwa na mtu mzima ananisimamisha sokoni ananiamkia kwa sauti watu wote wageuke. Nilipostaafu nikarudi Lisekese, nikajenga nyumba yangu, nikataka kisima cha mvua. Nikaambiwa kuna fundi mwanamke wa visima anayezunguka na pikipiki, kazi yake haivuji. Akaja. Akavua kofia ngumu. Alikuwa Somoe.

Nilikuwa nimeshachagua mahali, kivulini mwa mkorosho wangu, maji yapoe. Uzee una vituko vyake. Somoe akatazama pale, akanitazama mimi, akashika kiuno kama bibi yake.

"Mwalimu! Hapa? Tena?"

Tukacheka mpaka vibarua wake wakatushangaa. Alikataa kabisa kupachimba, akachimba alipotaka yeye, baada ya kutafuta mizizi kwa vishimo vidogo. Mvua ya kwanza iliponyesha nilikwenda asubuhi na fimbo yangu, na utaniamini, nilisimama mbali kwanza kama zamani. Nikampigia simu. "Somoe, maji yapo."

"Najua, Mwalimu," akasema.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Fanya miradi na watoto wako, hata vifaa visipotosha. Mradi ukiharibika mbele yao usione haya, na kulia ukitaka kulia, lia. Ila usifunge mizigo. Kaa nao muulizane maji yamepita wapi, kisha mchimbe tena, kwa sababu hicho cha pili ndicho watakachoondoka nacho maishani. Na mzazi akija kukusema vibaya, mkaribishe akae, huenda amekuletea kazi yako mkononi.

Mungu akupe darasa lenye kelele na paa linalokinga mvua. Akupe Bi Asumini wako. Na ukizeeka, akupe mwanafunzi wa kukukatalia utakapotaka kuchimba karibu na mti.