Gauni kwa Siku Tatu za Jembe

Ulikuwa mwaka ule tuliokula unga wa njano. Wa umri wangu hapa Kasulu hahitaji nimtajie tarehe. Sisi watu wa ndizi na maharage, na ugali wetu wa muhogo, tulipanga foleni kwa unga wa msaada ulionuka gunia. Tulisonga tumekunja pua, tukala, sufuria tukaikwangua.

Njaa ile ilinikuta nina cherehani. Mume wangu alikuwa kibarua wa barabara upande wa Kibondo, akaileta imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Shule niliishia darasa la pili, lakini nilikuwa nikikutazama mara moja tu, bila futi, nguo itakukaa. Hilo najisifia mpaka leo. Yanayofuata sijisifii.

Kijijini shilingi zilikuwa adimu, kwa hiyo ufundi wangu niliupangia bei kwa jembe. Blauzi, siku moja ya kulima shambani kwangu. Sketi, moja pia. Gauni, siku tatu. Hesabu hiyo hakunifundisha mtu, niliitoa kichwani mwangu mwenyewe. Gauni naanza kulishona asubuhi, na kabla jua halijafika utosini nimeshakata uzi. Nilijua hivyo, na nikakaza.

Tena nikaongeza jambo lisilofanywa kwetu. Sisi Waha ukiita watu wakulimie, unapika. Hata kama maharage yako ya kuhesabu, unapika, mnakula pamoja pembeni ya shamba. Mimi nikasema hawa sikuwaita, hawa wanalipa ufundi. Sikupika.

Wifi yangu, ambaye mdomo wake haukuwa na kifuniko, alinifuata uani.

"Wifi, siku hizi umekuwa bwana shamba. Wewe unashona umekaa, mwenzako analima ameinama siku tatu, na chakula humpi?"

"Kama kukaa ni rahisi, njoo ukalie hiki kiti, ukanyage."

"Nikae hapo na mimi niote moyo wa chuma? Kaa mwenyewe."

Nikacheka. Nilidhani ananionea wivu.

Wiki hiyohiyo akaja mjane mmoja wa mlima wa pili, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Alileta kitambaa cha buluu, sare ya binti yake. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, na mwalimu alishasema asiye na sare asije.

Alhamisi alifika na umande. Akapiga magoti, akapiga makofi taratibu. "Mwakeye, fundi," akanisalimu, jinsi mdogo anavyomsalimu mkubwa. Wa kupiga magoti nilikuwa mimi. Niliitikia nimekaa, mguu kwenye pedali.

Alhamisi akalima, Ijumaa akalima. Jumamosi, jua likiwa kati, nilikuwa jikoni nasonga, harufu inateremka shambani. Nikasikia jembe limenyamaza. Akaja, akaketi kizingitini, midomo imekauka ikawa myeupe.

"Fundi, nguvu zimeisha. Tangu jana sijatia kitu mdomoni, kilichokuwapo niliwaachia watoto. Nipe gauni, kesho Jumapili hailimwi, Jumatatu nitakuja kumalizia kipande kilichobaki."

Gauni lilikuwa ukutani, limeshapigwa pasi. Nilichungulia shamba. Lilibaki eneo la kutosha vitanda vitatu vya kulalia, basi.

"Siku tatu ni siku tatu. Gauni halitoki."

Wifi alikuwapo. Alitia mkono kwenye sufuria yangu, akamega tonge kubwa la moto, akampa yule mama mkononi. Na mimi, Mungu anisamehe, niliona nimeibiwa.

Jumatatu alirudi kweli, akamaliza, jioni akaondoka na gauni. Lakini asubuhi ile binti yake alikuwa amekwenda na kanga ya mama yake, akarudishwa kutoka mstarini mbele ya wenzake wote, wakimcheka. Alikataa kurudi shule, akapigwa, akakataa. Leo naye ni bibi. Zahanati wakimpa karatasi, anaweka dole gumba. Tukikutana sokoni hunisalimu vizuri, mimi ndiye ninayetafuta pa kuweka macho.

Ningeweza kuishia hapo, maana wifi aliyesikia yaliyobaki ameshazikwa. Jumamosi ile, alipokwisha kumeza lile tonge, yule mama aliomba tena. Safari hii hakuomba apewe. Aliacha hata kuniita fundi.

"Niazime tu, mwanangu. Aingie nalo Jumatatu, mchana nitalirudisha mwenyewe, nitalitundika palepale. Halafu nilime mpaka uridhike."

Nilimtazama usoni, mwiko mkononi. Nilikuwa na muda wote wa kufikiri.

"Siku tatu ni siku tatu. Gauni halitoki."