Mdomo Mwembamba wa Tangi

Nilikuwa fundi mwenye maneno mengi kuliko spana. Katika karakana yangu ya mtaa uitwao Kenya, pale Lubumbashi, Kongo, hata watu wasio na gari walikuja kukaa juu ya matairi ya zamani wasikie leo nimesema nini. Nami nilipenda kusikilizwa, sikatai.

Miaka ya mwisho ya utawala wa chama kimoja, tulipokuwa bado tunaitana citoyen, yaani mwananchi, mama mmoja muuza vitenge alipata gari kutoka Ulaya. Alikuwa mtu wa Maniema kama mimi, na msikiti wetu mmoja. Dereva wake alikuwa mtu wa Kasai, mpole, aliyesoma, shati limepigwa pasi hata siku ya vumbi la barabara ya Kasomeno. Walikuja na tatizo dogo: mdomo wa tangi ulikuwa mwembamba mno, bomba la kituo cha petroli haliingii. Dereva akanionyesha maandishi ya Kifaransa ndani ya kifuniko: itiwe essence, yaani petroli, isiyo na plomb, madini ya risasi.

"Fundi, apa banaandika sans plomb. Essence yetu ya huku iko na plomb. Pengine banafanya mudomo kadogo juu tusitie yetu."

"Weye unaendeshaka motokari ao unaisomaka?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikakata kopo la maziwa, nikatengeneza faneli nyembamba inayoingia sawasawa, nikampa.

Baada ya miezi kadhaa gari likaanza kuchoka. Kwenye tambarare linakwenda, kwenye mlima linakata roho. Nikabadilisha plagi, nikasafisha chujio, nikapuliza mirija. Wapi! Mama akaja kuuliza gari lina nini. "Sijui" ni neno dogo, lakini mimi sikulizoea. Nikasema mbele ya karakana nzima:

"Mama, uangalie dereva wako. Anauzishaka essence, kisha anaongeza mafuta ya taa."

Watu wakaguna. Dereva, aliyesimama kando ya gari, akafunga boneti. Mama akamwambia Jumamosi arudishe funguo, atafute kazi kwingine. Dereva alikuwa na watoto wanne, nilijua, na bado sikulirudisha neno langu.

Alhamisi, siku mbili kabla, gari likiwa linanguruma karakanani, niliweka kiganja nyuma ya ekzosi. Pumzi ilitoka kidogo, hafifu. Nikainama chini: katikati ya bomba la moshi kulikuwa na sanduku la chuma, jekundu kama kaa la moto. Lilipopoa, nikafungua bolti zilizo mbele yake, nikawasha tena. Injini ikapaza sauti, ina nguvu zake zote. Basi ugonjwa ulikuwa mle sandukuni. Nilipolipasua nikakuta jiwe lenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, vya kusafishia moshi, na karibu vyote vimeziba. Nikayakumbuka maandishi ya kifuniko. Plomb ya petroli yetu ndiyo iliyoviziba, na yote ilikuwa imepita katika faneli yangu.

Sanduku kama lile huku kwetu halikupatikana. Nikatoa jiwe, nikachomelea bomba tupu, gari likapanda mlima. Kisha nikaenda dukani kwa mama, tukafunga mlango, nikamweleza kila kitu. Akatikisa kichwa, akanisamehe, akambakiza dereva wake. Nilirudi nyumbani mwepesi.

Kesho yake dereva akaja na gari, akasimama mlangoni pa karakana.

"Mama amenielezea. Aksanti." Hakuondoka. "Lakini, citoyen, mwizi uliniitia apa. Kosa yako umeisemea kule ku magazini ya mama, mulango iko ya kufunga."

Hasira ilinipanda. Radhi nimeomba, kazi amerudishiwa, anataka nini tena? Nikageuka, nikawaona wale wa kwenye matairi wakimtazama mikono yake, kama watu wanaomchunga mwizi. Hapo ndipo nilipoona aibu, aibu ya kweli.

Nikaitwaa faneli garini, nikaiinua juu.

"Mumusikie wote. Huyu hakuiba kitu. Alisoma, akaniambia ukweli, mimi nikamucheka. Mwenye kuua motokari ni mimi, na hii kitu."

Hakuna aliyecheka. Dereva akanyoosha mkono, akaichukua faneli, akaipangusa kwa leso yake.

"Naichukua," alisema. "Mudomo wa tangi iko bado kadogo."

Akaenda nayo. Aliendelea kuniletea gari miaka mingine mingi, na kila mara aliniita fundi, kwa heshima kamili. Lakini juu ya yale matairi hakukaa hata siku moja.